Machozi Yangu Yalipata Alama Themanini na Nane

Mpendwa mshauri Bi Zulekha,

Naomba msaada wako, na naomba usinicheke mpaka umalize kusoma, kwa sababu mimi mwenyewe ni mshauri, yaani ni mwalimu wa ushauri nasaha katika shule moja ya kutwa huku milima ya Mbooni, huu mwaka wa kumi na tisa, na najua inavyoonekana mtu wa kazi kama yangu akiandikia gazeti, lakini nimefika mahali ambapo kila ninayemfahamu ni mtu niliyewahi kumshauri mimi, na sasa ni zamu yangu na sioni wa kumwendea.

Nina miaka arobaini na saba na ni mjane. Mume wangu, Munyao, alikuwa daktari wa mifugo, aliugua wiki tatu tu akaniacha, na mwezi wa nane ilitimia miaka minne. Mtoto wetu ni mmoja, Mwau, yuko chuoni Eldoret, hunipigia simu Jumapili baada ya ibada, ananiuliza ng'ombe anaendeleaje, namwambia vizuri, ananiambia basi sawa Mami, na wiki imeisha hivyo. Kanisani mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama, shuleni mimi ndiye wa kuitwa mtoto akizimia au akikataa kuongea, na hata Mbinya, mke wa mdogo wa marehemu, ambaye boma lake liko hapo chini ya langu, ananiita Mwalimu kama wengine. Kila Alhamisi huniletea maharagwe au maziwa kwa bakuli, anasimama mlangoni, ananiuliza, Mwalimu uko sawa, namjibu niko sawa, anangoja nimwage maharagwe kwenye ungo, namrudishia bakuli nikiwa nimetia avokado mbili tatu kwa sababu bakuli halirudi tupu, kisha anateremka kwake. Basi maisha yangu ni hayo, na sijisifu wala silalamiki, nakueleza tu.

Mwaka juzi nilijiandikisha masomo ya uzamili ya afya ya akili ya vijana, yale ya mtandaoni ya watu walio kazini, maana wanafunzi wangu wamebadilika, wengine hawalali, wengine wanajiumiza kwa nyembe na kuficha mikono kwa sweta wakati wa jua kali, na mimi elimu yangu ya ushauri ilikuwa semina ya wiki mbili na cheti cha kubandika ukutani. Darasa letu ni watu ishirini na sita, wauguzi, walimu, wachungaji, hata chifu mmoja, kila mtu kwa simu au kompyuta yake, na hatujawahi kukutana uso kwa uso. Mazoezi tunafanya wawili wawili. Kila Jumamosi saa kumi jioni mmoja anakuwa mshauri na mwingine anakuwa kijana mwenye shida, na huyo kijana hatumbuni sisi, mhadhiri anatutumia kadi yenye jina, umri na tatizo, halafu wewe unajaza mengine kutoka kichwani. Mazungumzo yanarekodiwa ili yule aliye mshauri apewe alama. Na kuna sheria moja ambayo mhadhiri aliirudia mpaka tukachoka, kwamba usilete shida yako ya kweli kwenye zoezi, ukiwa na shida yako tafuta mshauri aliyehitimu.

Mimi nilipangiwa mtu anayeitwa Haroun. Ni afisa wa kliniki upande wa Matinyani, kijana wa miaka thelathini na moja, ana mke na mtoto mdogo ambaye humsikia akilia nyuma ya mlango. Muhula wa kwanza mimi nilikuwa mshauri na yeye alikuwa mvulana anayeitwa Sufian aliyefukuzwa shule, na kusema kweli aliigiza vibaya, alikuwa akisahau na kuanza kunieleza dawa za malaria. Muhula wa pili tukabadilishana. Kadi yangu ilisema hivi: Nduku, miaka kumi na saba, amefiwa na baba, alama zake darasani ni nzuri, hasemi.

Bi Zulekha, naapa sikupanga. Huwa nafanyia mazoezi nyuma ya tangi la maji, nimekalia kreti la avokado, kwa sababu ndani ya nyumba mtandao haushiki. Nilikaa hapo nikiwa tayari na hadithi yangu ya kubuni, dada mkubwa mkali na mjomba anayetaka shamba, lakini Haroun aliponiuliza, Nduku, niambie kidogo kuhusu siku ya mazishi, hiyo hadithi yote ikanitoka na nikaanza kusema ya kwangu. Nilisema watu walikuwa wengi, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuaminika nilipewa kupanga viti na kusoma ratiba. Nilisema kila mtu aliniambia mimi ni jasiri. Nilisema walipoondoka niliosha masufuria, na kesho yake asubuhi nikala muthokoi uliolala, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, baridi, nimesimama, kwa mwiko. Haroun akauliza, "Na siku yenyewe ya mazishi, Nduku, ulikula saa ngapi?"

Nikamwambia sikula.

"Kuna mtu alijua hujakula?"

Nikamwambia hakuna.

"Pole sana, Nduku. Sasa mimi najua."

Nililia mpaka simu ikaanguka kwenye nyasi. Miaka minne, Bi Zulekha, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, na sikujua kama nilikuwa nikilingoja. Nilipookota simu alikuwa amesharudi kuwa Haroun, anacheka kwa furaha, ananiambia, "Mwalimu, tumemaliza. Hapo mwisho umenimaliza kabisa. Wewe ungefaa kuwa kwa TV." Nikacheka na mimi. Yeye akazima, na mimi nikabaki pale kwenye kreti.

Ningeacha hapo labda ingekuwa ajali tu, lakini sikuacha. Tulikaa Jumamosi kumi na sita na zote nilikuwa Nduku, na kila wiki nilimpa Nduku kitu changu kingine. Nilimpa koti la Munyao ambalo bado linaning'inia nyuma ya mlango na ambalo sijalifua. Nilimpa ile tabia yangu ya kuwasha redio mbili, moja jikoni na moja chumbani, ili nyumba isikike kama ina watu. Nilimpa hata hasira, maana kuna siku huwa namkasirikia marehemu kwa kuniacha na kazi yote hii ya kuwa sawa. Jumatatu nilikuwa naanza kuhesabu siku, na Ijumaa nilikuwa mwepesi hata wanafunzi waliniona. Najua wewe na wasomaji wako mtasema ni mapenzi. Si mapenzi. Sijawahi kutaka kumwona Haroun kwa macho, nilitaka tu kusikia mtu akiniuliza na kungoja jibu.

Mwezi uliopita mhadhiri akachukua ile rekodi ya kwanza akaionyesha darasa zima kuwa mfano mzuri. Haroun alikuwa amepata alama themanini na nane, na watu walituma vile vipicha vya mikono inayopiga makofi, na muuguzi mmoja akaandika kwamba Mwalimu ameigiza mpaka amemtoa machozi. Nilikaa nikijitazama nikilia mbele ya watu ishirini na watano wanaonisifu. Sijawahi kujiona niko peke yangu kama siku hiyo, na hapo nahesabu hata siku ya mazishi.

Sasa tatizo lenyewe ni fomu. Ili Haroun apewe alama zake za mwisho, mimi niliyekuwa Nduku natakiwa nitie sahihi mahali palipoandikwa, "Nathibitisha kwamba kisa nilichosimulia ni cha kubuni na hakihusu maisha yangu." Inatakiwa mwisho wa mwezi. Nikitia sahihi nimedanganya, tena nimedanganya juu ya mume wangu. Nikikataa, rekodi zote kumi na sita zinatupwa, Haroun anarudia nusu mwaka, na yeye ameahidiwa kusimamia chumba cha vijana ambacho kinafunguliwa kwenye kituo chake mwezi wa kwanza, na hawezi kupewa bila cheti. Jumamosi ya mwisho aliniambia kwamba kulikuja msichana pale kituoni, ameletwa na nyanya yake, hasemi neno, na yeye akakumbuka Nduku akamuuliza kama amekula leo, na yule msichana akaanza kuongea. "Huyo Nduku wako amenifundisha kazi, Mwalimu," akaniambia, na mimi nikajibu asante.

Nimeshika kalamu mara nyingi. Wakati mwingine nasema ni karatasi tu, nani ataumia, Haroun apate cheti, vijana wa Matinyani wapate mtu, na mimi nibaki na siri yangu kama nilivyobaki na nyingine. Halafu najiuliza nitawezaje kuandika kwa mkono wangu kwamba haya hayahusu maisha yangu. Na kuna jambo moja la aibu, Bi Zulekha, ambalo nalitaja mwisho kwa sababu nalo ndilo kubwa. Haroun akijua ukweli ataniona mtu mwongo na hatanisikiliza tena, na yeye ndiye mtu wa pekee niliye naye. Nifanye nini?

Mwalimu,
Mbooni.

BI ZULEKHA ANAJIBU

Mwalimu, sijacheka. Nimesoma barua yako mara mbili hapa Kitui mjini, chai yangu ikapoa, na sasa nitasema nawe wazi kwa sababu umezoea kusemeshwa kwa upole na upole wenyewe haujakusaidia.

Pole kwa Munyao. Naanza na hilo kwa sababu naona wengi walikupa pongezi badala ya pole. Mjane anapewa ratiba asome, anapanga viti, halafu anaambiwa ni jasiri ili watu waende nyumbani kwao bila wasiwasi. Walikukosea. Na wewe ukawarahisishia, maana kila aliyeuliza ulimjibu uko sawa kabla hajafunga mdomo.

Fomu hiyo usitie sahihi. Hapo hakuna mjadala na wala hukuhitaji kuninunulia stempu, ulishajua, ndiyo maana kalamu umeishika mara nyingi na karatasi bado iko tupu. Unasema ni karatasi tu. Mwalimu, wewe ambaye kila siku unamwambia mtoto mwenye sweta kwenye jua akunje mkono wa sweta aseme ukweli, utamwambia kwa mdomo gani, ukiwa umeandika kwa mkono wako kwamba mume wako alikuwa wa kubuni?

Na usiichukie ile sheria ya mhadhiri. Itazame tena siku ile ya kwanza. Ulilia mpaka simu ikaanguka, na yule aliyekusikiliza alizima akaenda kwa mtoto wake, kwa sababu kwake hakuna aliyekuwa akilia. Angejua, angekaa. Angekuuliza uko na nani nyumbani, angekupigia Jumapili. Ulimnyima nafasi ya kukutunza halafu ukabaki kwenye kreti ukihisi umeachwa. Mtu anaweza kudidimia kabisa namna hiyo, huku anapigiwa makofi. Mhadhiri wako naye nina neno naye, maana mtu mzima aliyefundishwa kazi hii alipaswa kushtuka aliposikia ule mwiko. Hakuna mtu anayekaa chini akabuni muthokoi baridi kwa mwiko. Lakini yeye hakuniandikia, kwa hiyo namwacha.

Sasa Haroun. Unamwonea huruma kwa cheti chake na wakati huohuo umemdanganya wiki kumi na sita, na yote mawili ni kweli. Mpigie simu wiki hii. Usimwandikie ujumbe, mpigie, na mhadhiri asijue kabla yake. Usianze kwa kuzunguka. Sema, mimi ndiye niliyekula nimesimama, mume wangu aliitwa Munyao, na nimevunja sheria kwa kukuficha. Omba msamaha mara moja, kisha nyamaza umwache akasirike kama atakasirika, maana ana haki. Usimfanyie kazi ya mshauri wakati anakukasirikia. Halafu mwandikieni mhadhiri pamoja, na katika barua hiyo lawama ibaki kwako, na uombe kwamba Haroun aruhusiwe kurekodi upya na mwanafunzi mwingine haraka iwezekanavyo. Huenda wakakubali, huenda wakamrudisha nusu mwaka. Siwezi kukuahidi. Kama chumba cha vijana kitachelewa, kitachelewa, lakini kitafunguliwa na mtu ambaye mizizi ya cheti chake haina uongo, na tayari anajua kumuuliza mtoto kama amekula. Hilo hakuna fomu itakayomnyang'anya.

Unaogopa kumpoteza. Hapa nitakuumiza kidogo. Haroun hujampata bado, Mwalimu. Aliyempata ni Nduku. Ndiye aliyeambiwa pole, ndiye aliyeambiwa sasa mimi najua. Wewe ulikuwa umekaa kando ukisikiliza salamu za mtu mwingine. Na nimegundua jambo katika barua yako: jina la yule msichana wa kadi limejaa kote, Nduku huku, Nduku kule, na jina lako halipo hata pale chini. Kanisa zima linakuita Mwalimu, shule inakuita Mwalimu, na mimi pia imenibidi nikuite hivyo kwa sababu hukuniachia kingine. Ukiniandikia tena, niambie unaitwa nani.

Tafuta mshauri wa kweli, aliyehitimu, asiye mwanafunzi wako wala mwanadarasa mwenzako. Ulizia hospitali ya kaunti pale mjini Wote, au mwombe mhadhiri huyohuyo akupe jina, ni wajibu wake. Usiseme utaona aibu. Daktari anang'olewa jino na daktari mwingine, na hakuna anayemshangaa.

La mwisho ndilo ninalotaka ulifanye kwanza. Umeniandikia kwamba Haroun ndiye mtu wa pekee uliye naye, na katika barua hiyohiyo kuna mwanamke anayekupandia mlima kila Alhamisi, miaka yote hiyo, na kukuuliza kama uko sawa. Umempita haraka sana, kwa sentensi mbili, ukaenda kwenye masomo. Mimi, katika kusoma, nimesimama naye pale mlangoni. Mbinya ana mifuko ya plastiki na makopo kwake kama sisi sote. Angeweza kukuachia maharagwe kwenye kopo kuukuu akaenda zake shambani. Yeye anakuja na bakuli ambalo lazima limwagwe, lazima lirudi, na anasimama hapo akingoja. Mwanamke wa shamba mwenye ng'ombe wa kukama hasimami mlangoni kwa mtu kila wiki kwa ajili ya avokado, na avokado kwake zipo. Anangoja umwambie aingie. Naye alifiwa na shemeji yake, na wewe hujawahi kumuuliza neno, ewe mwalimu wa ushauri nasaha.

Kwa hiyo Alhamisi hii zima redio zote mbili. Pika muthokoi, uwe wa moto. Mbinya akifika, pokea bakuli ulifiche jikoni ili asipate la kuondokea, mvutie kiti, mpakulie, na wewe ujipakulie ukae. Akikuuliza kama uko sawa, usimjibu haraka. Mwambie kwamba siku ile ya mazishi hukula.